Aliyeungua Akirudi Mtaani, Sisi Tunampokea Vipi?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye kikao chetu cha vijana hapa Mombasa. Wengi walioshindwa kufika waliniomba niyaandike, basi nimeyaweka hapa karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Vijana wenzangu, kikao kilichopita tulizungumza vitambulisho, na kile cha kabla yake tulizungumza polisi. Leo naomba tuzungumze haki moja ambayo serikali haiwezi kutupa hata ikitaka, kwa sababu iko mikononi mwetu. Ni haki ya mtu aliyeungua moto kurudi kwa watu.

Nasema kurudi, sisemi kupona. Daktari akishamaliza kazi yake, kidonda kikafunga, mtu huandikiwa karatasi ya kutoka wodini na sote tunasema amepona, alhamdulillahi. Lakini kurudi sokoni, harusini, msikitini, kazini, kwenye maskani, hiyo ni safari nyingine, na daktari hayuko ndani yake. Ndani yake tuko mimi na wewe.

Hebu tukumbuke. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta liliwaka Sachang'wan kule Molo na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwa bomba ikawaka katika mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi na watu zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kila mara habari ni zile zile: idadi ya waliokufa, viongozi kutoa rambirambi, halafu kimya. Wale waliobaki hai hutoka hospitalini miezi baadaye, na siku hiyo hakuna kamera hata moja inayowasubiri mlangoni.

Na hao ni wa mioto mikubwa. Wengi huungulia nyumbani kimyakimya. Stovu ya mafuta taa imelipuka. Mtungi wa gesi unavuja na mtu hajui, anawasha kiberiti. Sufuria ya chai imemwagikia mtoto. Karai la mafuta limepinduka. Mtu mwenye kifafa ameanguka jikoni akiwa peke yake. Kila mtaa una mtu kama huyo. Swali ni, mara ya mwisho ulimwona lini?

Mimi nina dadangu, mtoto wa mama mdogo. Amenipa ruhusa nizungumze habari zake lakini jina lake nilihifadhi. Alikuwa akipika mahamri asubuhi na kuyauza pale kona ya nyumba yao. Siku moja alfajiri gesi iliwaka ikamshika usoni upande wa kushoto, shingo na mkono wa kulia. Alikaa wodini miezi mitatu. Ngozi ya pajani ilitolewa ikabandikwa shingoni na mkononi. Mambo ya hospitali anayasimulia bila kulia. Anapofika kwenye siku ya kwanza aliyokwenda harusini, hapo ndipo sauti hukatika.

Ilikuwa siku ya kupamba, nilikuwa naye. Tumekaa mkekani, mama mmoja akamgeukia mwenzake akasema, wala si kwa kunong'ona: "Masikini, huyu alikuwa mzuri wallahi." Dadangu alisikia. Tulipotoka aliniambia, "Mdogo wangu, umesikia? Nilikuwa. Yaani mimi nishazikwa."

Kutoka siku hiyo akaanza kuvaa ninja kila anapotoka. Watu wakamsifu kwamba mtihani umemrudisha kwa Mola wake. Sasa nieleweni vizuri. Mwanamke anayevaa nikabu kwa imani yake, hiyo ni haki yake na tumeitetea hapa hapa. Lakini yeye aliniambia kwa kinywa chake: "Wenzangu huvaa kwa ajili ya Mungu. Mimi navaa kwa ajili ya macho yenu." Mkiweza, kaeni na hilo neno kidogo. Mtu kalazimika kulifanya vazi la ibada kuwa pa kujifichia, akijificha watu wa mtaa wake mwenyewe.

Matatuni kiti cha pembeni yake kilikuwa kikibaki wazi hadi gari lijae kabisa. Akitoa mkono wa salamu, mtu anampungia kwa mbali. Baada ya mwaka alikwenda kuomba kazi ya jikoni kwenye hoteli moja, jina sitalitaja. Akapika, wakala, wakasifu. Halafu mwenye hoteli akamwambia, "Kupika unajua dada, lakini wateja wakikuona watatoroka." Jikoni, si mezani! Wateja wangemwonea wapi?

Kwanza basi tujue mwili wake unapitia nini, maanake mengi tunayoyaita kiburi ama kujitenga ni mwili unaomsumbua mtu.

Kovu la moto halitulii siku ile kidonda kinapofunga. Linaendelea kubadilika kwa mwaka mmoja hadi miwili. Linavimba, linakaza, linawasha, na muwasho wake unaweza kumnyima mtu usingizi. Likiwa kwenye kiungo, kwa mfano shingo, kiwiko ama vidole, linavuta, na asiponyoosha kiungo kila siku kinaweza kujikunja na kukataa kufunguka. Wengine hupewa nguo maalum za kubana ili kovu lisivimbe, na huzivaa takriban saa 23 kwa siku kwa miezi mingi. Fikiria Mombasa ya mwezi wa pili, mtu yuko ndani ya nguo ya kubana! Tena ngozi iliyobandikwa haitoi jasho kama ya kawaida, kwa hivyo joto humpanda haraka kuliko wewe. Na jua huiumiza ngozi mpya.

Kwa hivyo ukimwalika mwenzako uwanjani saa nane mchana akakataa, usiseme amejitenga. Mwalike baada ya laasiri, tena kivulini. Akisimama katikati ya mazungumzo akaanza kunyoosha mkono, mwache anyooshe, endelea na hadithi. Akishtuka mtu akiwasha kiberiti, usimcheke. Wengi huota moto usiku kwa muda mrefu, na kuzungumza na mshauri wa mambo ya akili si aibu wala si upungufu wa imani.

Na hili liingie vichwani: kovu la moto haliambukizi. Ule mkono ushapona. Upokee.

Sasa kuna mji mmoja nataka niwasimulie, uko mbali na hapa lakini una somo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Uingereza walikuwa wakiungua vibaya sana ndege zao zinapopigwa, maanake tangi la mafuta linawaka na rubani yuko ndani. Wengi walipelekwa hospitali ya mji mdogo kusini mwa London unaoitwa East Grinstead. Daktari wao alikuwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand. Upasuaji wa kutengeneza uso upya ulikuwa bado wa kujaribu-jaribu, ndio maana mwaka 1941 wagonjwa wenyewe wakaunda chama chao wakakiita Guinea Pig Club, kwa jina la yule mnyama anayefanyiwa majaribio. Vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649.

Lakini kilichonivutia mimi si upasuaji. Yule daktari aliona kwamba akiwatengeneza nyuso halafu wakaja kufungiwa ndani, kazi yake yote ni bure. Kwa hivyo alifanya mambo mawili. Aliwaruhusu wagonjwa kuvaa sare zao za jeshi badala ya nguo za hospitali, wakatoka kwenda mjini hata kabla upasuaji haujaisha. Na akazungumza na watu wa mji: wakaribisheni majumbani, zungumzeni nao, msiwakodolee macho. Watu wa mji wakakubali. Mpaka leo East Grinstead unajulikana kuwa mji ambao haukukodoa macho.

Mnaona? Alimtibu mgonjwa, kisha akautibu mji.

Najua mtu atasema, wale walikuwa mashujaa wa vita, ni rahisi kumheshimu shujaa. Kweli. Mwanamke aliyeungua akipika mahamri hana sare wala nishani. Lakini basi hiyo ndiyo hoja yangu. Adabu ya macho hatumpi mtu kwa sababu ni shujaa, tunampa kwa sababu ni mtu.

Nije sasa kwenye sheria, maanake mnanijua.

Kifungu cha 27 cha Katiba yetu ya 2010 kinakataza ubaguzi, na kwenye orodha yake hali ya afya imo na ulemavu umo. Na kisome vizuri: hakiifungi serikali peke yake, kinasema hata mtu binafsi asimbague mwenzake. Kifungu cha 28 kinasema kila mtu ana hadhi yake na ana haki hadhi hiyo iheshimiwe. Kisha nenda mwisho kabisa, kifungu cha 260, pale maneno yanapoelezwa maana. Ulemavu, kwa Katiba yetu, si ule tu unaomzuia mtu kweli kufanya shughuli zake za kila siku. Ni pamoja na hali ambayo sehemu kubwa ya jamii inaichukulia kuwa inamzuia. Yaani mtu mwenye kovu usoni, mikono yake mizima, anajua kazi, lakini watu wakimwona wanasema huyu hawezi, Katiba inamtambua. Sheria inajua kwamba wakati mwingine kilema kiko machoni mwa watazamaji.

Kuna Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, kinachomkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya ulemavu, na kinamhusu hata mtu ambaye bado anaomba kazi. Kwa hivyo "wateja watatoroka" si jibu la kisheria. Kuna Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutolewa baada ya tathmini ya daktari, na mtu aliyebaki na makovu yanayozuia viungo anaweza kuomba atathminiwe. Walioungulia kazini wana Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya 2007. Hapo tahadhari moja: ajali iripotiwe kwa mwajiri mapema, kwa maandishi, maana miezi 12 ikipita bila kuripotiwa haki ya fidia hupotea. Wangapi tunawajua waliopewa elfu tano za pole wakanyamaza mpaka muda ukaisha?

Na anayebaguliwa asikae nalo moyoni. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ipo, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa ipo, ofisi ya kazi ya kaunti ipo. Aje, tumsindikize.

Halafu kuna letu sisi watu wa simu. Mtu anaungua leo, kabla ya magharibi picha yake iko kwenye magrupu kumi, uso wazi, vidonda wazi, na nambari ya kuchangia chini. Nia ni nzuri, najua. Lakini yule mtu alikuwa hajui hata yuko wapi, nani alimwuliza? Miaka mitatu baadaye anakwenda kuposa, ama anaposwa, na ile picha bado inazunguka. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo. Mchango unaweza kuchangishwa bila picha ya kidonda. Andika jina la hospitali, weka barua ya daktari iliyofichwa mambo ya siri, weka mtu anayejulikana wa kuthibitisha. Watu wa pwani tulichangiana tangu kabla simu hazijaja.

Sasa tunafanya nini? Nitasema machache, yote yanawezekana wiki hii.

Ukikutana naye, mtazame machoni kama unavyomtazama mtu yeyote. Kukodoa macho kunaumiza, na kuyakwepesha macho ghafla kunaumiza vilevile. Anza na salamu, kisha zungumza yale mliyokuwa mkizungumza zamani. Mpira, bei ya unga, harusi ya fulani.

Usimwulize "ilikuwaje?" mara ya kwanza. Kwako ni swali moja. Kwake ni la arubaini wiki hiyo, na kila mara anarudishwa motoni. Akitaka kukueleza atakueleza.

Usimsemee ya Mungu. Usimwambie umekopeshwa uhai, wala ni adhabu, wala kuna mtu alimroga. Kama huna la kusema, mwambie "Nimefurahi kukuona." Linatosha.

Mtoto wako akiuliza kwa sauti, usimfinye wala usimvute mbio. Ukimvuta umemfundisha kwamba yule ni kitu cha kuogopwa. Mwambie, "Aliungua moto, sasa amepona. Haya mwamkie." Watoto wakishapata jibu hurudi kwenye mchezo.

Na kubwa kuliko yote, mpe mtu nafasi yake, usimpe huruma tu. Unajua nani alimtoa dadangu ndani? Si sisi wa familia tuliokuwa tukilia naye. Ni bibi mmoja jirani, muuza mbaazi. Kila asubuhi alikuwa akipita dirishani anapiga kelele, "Wewe mwana, mahamri yanaanza lini? Mbaazi zangu zimekaa ukiwa!" Wiki mbili hivyo hivyo. Hakumwambia pole hata siku moja. Alimwambia kuna pengo, na pengo lenyewe lina umbo lako. Siku ya kwanza dadangu alipika mahamri ishirini. Yule bibi alinunua kumi, akasimama pale pale akala akiongea, na watu wakaja kwa sababu wamemwona mtu anakula. Siku hizi anauza. Siku nyingine ninja ipo, siku nyingine haipo. Ni juu yake.

Neno langu la mwisho ni kwako wewe uliyeungua na unasoma haya ukiwa chumbani.

Sitakwambia makovu ni mazuri. Nitakwambia alilolifanya mtu aliyepita njia hiyo. James Partridge, Mwingereza, aliungua vibaya kwenye ajali ya gari mwaka 1970 akiwa na miaka 18. Baadaye alilima, akafundisha shule, na mwaka 1992 akaanzisha shirika la Changing Faces la kuwasaidia watu wenye nyuso zenye makovu na alama. Alichokifundisha ni kwamba watu wengi wanaokukodolea si wabaya, hawajui tu wafanye nini, na wewe unaweza kuwaongoza. Anza wewe kusalimia. Anza wewe mazungumzo. Nalo ni jambo la kujifunza, kama kuendesha baiskeli, na mwanzo utaanguka.

Shirika la Phoenix Society la Marekani nalo huwafundisha walioungua kutayarisha jibu lao mapema na kulifanyia mazoezi mpaka litoke bila kutetemeka. Jibu fupi, halafu unageuza mazungumzo. "Niliungua na gesi, sasa niko sawa alhamdulillahi. Wewe mitihani imekwendaje?" Akizidi kuchimba, "Leo sitaki kuzungumzia hilo." Basi. Huna deni la hadithi yako kwa mtu yeyote.

Anza padogo. Dukani na kurudi. Nenda na mtu mmoja unayemwamini. Kesho dakika kumi, wiki ijayo nusu saa. Siku mbaya ikija, ni siku mbaya tu, haikurudishi mwanzo.

Nasi wengine, kazi yetu wiki hii: kila maskani, kila kikundi cha mpira, kila darasa la wanawake, jiulizeni nani alikuwa hapa akaungua na hatumwoni tena. Mtamkumbuka, yuko. Nendeni watu wawili, bila simu mkononi, bila kilo ya sukari ya kumfanya mgonjwa. Mwambieni nafasi yake kwenye baraza iko, na mwulizeni saa ngapi inamfaa. Kisha siku hiyo akija, songeni akae.

Mwenyezi Mungu awape shifaa waliojeruhiwa, na atupe sisi adabu ya macho.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.